Nchagwa Hajatoka

Asubuhi Rhobi alipofungua chumba cha seva alikuta tope chini ya meza. Lilikuwa tope la kijivu, la kutoka chini sana ardhini, na lilikuwa likidondoka kutoka tundu la feni ya seva. Alipangusa kwa tambara, akawasha skrini, maana fundi Method alikuwa njiani kuja kumfundisha.

Rhobi alikuwa karani katika mgodi mdogo wa dhahabu wa Mzee Nyangwine, huku Tarime, na sasa alikuwa akijifunza kuitunza seva. Ilitumia mfumo wa Linux. Mzee aliichagua kwa kuwa ni ya bure, na Mzee na vya bure ni chanda na pete. Method aliipendea jambo lingine: yeyote aweza kuifungua akaona ndani, haimfichi mtu. Kazi ya seva ilikuwa kuandika mahudhurio. Mchimbaji aligusa kwa kidole kifaa kilichokuwa mdomoni mwa duara, yaani shimo la kuchimbia, seva ikaandika kwamba ameingia. Akitoka, aligusa tena.

Juzi yake duara lilikuwa limeporomoka. Mzee alitangaza kwamba wote walikuwa wametoka, akaleta katapila, likasawazisha udongo juu yake. Nchagwa, mdogo wake Rhobi, hakuonekana tena. Mzee alisema vijana wa siku hizi hukimbilia Sirari, mpakani, bila kuaga.

Method alifika, akaliona tope, akasogeza kiti pembeni.

"Dada, mashine ikikusumbua usikimbilie kuiwasha upya. Iulize kwanza. Nani yumo ndani?"

Rhobi aliandika amri ya kuuliza. Seva ikajibu: nchagwa, yumo, mahali: duarani. Kisha mstari mwingine ukajiandika chini yake.

"Dada, ni wewe?"

Rhobi aliandika, akakosea herufi, akafuta, akaandika tena. "Ni mimi. Uko wapi?"

"Chini. Hewa ipo kidogo. Mnachimba?"

Method alisoma, akakuna kidevu. "Bado yumo," alisema. "Ukiizima seva, umemtoa, na hatarudi. Umeme nao usikatike."

Toka hapo Rhobi hakuwa na raha. Umeme ukicheza kidogo tu, aliinuka kuitazama seva. Alikwenda kwa Mzee mbio.

"Shikamoo, Mzee. Nchagwa yumo kwenye seva. Anauliza kama tunachimba."

"Marahaba. Huyo mura, kijana wenu, ni mbishi tangu zamani," alisema Mzee, akainuka kwenda kutazama.

Aliisoma skrini yote. Kisha akainama, akachota tope kwa kidole, akalisugua, akalipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Akamwita Bernadetha, mwoshaji wake wa dhahabu. Bernadetha aliliosha kwenye karai, na dhahabu ikabaki chini, nzito.

"Hii ni ya chini kabisa," alisema Bernadetha. "Kule hatujawahi kufika."

"Basi tuwaite wachimbaji, Mzee, tufukue," alisema Rhobi.

"Tufukue?" Hapo ndipo Mzee aliposhangaa, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Tukifukua, binti yangu, si tope litaacha kuja huku?"

Watu husema kufa kufaana, na hapa hata kufa kwenyewe kulikuwa bado. Mzee alinunua jenereta na betri kubwa, akaamuru seva isizimwe kamwe. Rhobi alikwenda kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji akaja na karai lake. Mama yao alikuja kutoka Nyambureti, akaisalimu seva, akaweka ugali wa mtama mbele ya feni. Kisha akachukua jembe kwenda duarani. Walinzi walimrudisha kwa heshima, wakambebea na jembe.

Rhobi alijifunza haraka kwa sababu aliogopa. Alijua kusimamisha programu mojamoja bila kugusa ya mdogo wake, na kubadili diski mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi. Method alimsifu. Mzee alimpandisha cheo, akamuuliza kama hawezi kuongeza kasi ya seva kidogo, maana tope lilikuwa limepungua.

Herufi za Nchagwa nazo zilikuja polepole, moja, kisha nyingine.

"Dada. Nasikia watu wengi. Mnachimba?"

Rhobi alitazama dirishani. Baraza lilijaa watu na makarai yao yakizunguka, na Mzee katikati, amekunja suruali. Method alikuwa amemfundisha kwamba mashine haidanganyi, na msimamizi wake asiidanganye.

"Wanaosha," aliandika, kisha akaenda kukagua betri.