Nyundo za Sabato

Manasseh Nyangau aliisikia nyundo ya kwanza kanisa zima likiwa limefumba macho kwa sala. Akayafumbua yake, akangoja. Nyundo ikalia tena kutoka chini mjini.

Alikuwa nyapara wa kubomoa majengo, na kazi hiyo ilikuwa imemfunza masikio. Nyundo ikigonga sakafu ya juu, mlio wake huwa mkavu na hupaa. Ikigonga nguzo ya chini, mlio huwa mzito, na ardhi huupokea. Huu ulikuwa mlio wa nguzo. Mwaka ule wa 1973, jengo lililokuwa likibomolewa mjini Kisii lilikuwa moja tu: lile la orofa tatu la Mzee Machogu, lililobanwa na maduka pande zote mbili katika barabara ya sokoni. Lilijengwa kwa haraka, na kuta zake zilipasuka kabla halijatimiza miaka kumi. Kazi ya kuliangusha ilikuwa ya Manasseh, na wafanyakazi wake wanane walikuwa humu humu kanisani, kila mmoja na shati lake jeupe.

Basi nani aliyekuwa akigonga?

Alimtazama Machogu, safu ya tatu mbele yake. Sala ilikwisha, watu wakaketi, nyundo ikalia. Machogu alifungua Biblia akaanza kupekua kurasa kama mtu aliyepoteza risiti ndani yake, na hapo Manasseh akaelewa. Jumatano mzee huyo alikuwa amemlalamikia: "Manasseh, wewe unabomoa kama anayemenya yai. Malori ya kokoto ya jengo jipya yanakuja Jumatatu. Si uanze chini, jengo lijilalie lenyewe?"

"Litalala juu ya nani, mzee?" Manasseh alimuuliza, na Machogu akacheka. Kumbe alitoka pale akaenda kutafuta vibarua wasioshika Sabato.

Lakini kosa lililomtisha Manasseh halikuwa la Machogu. Lilikuwa lake mwenyewe. Jana Ijumaa, saa kumi na moja na nusu, jua lilikuwa likishuka na Sabato ilikuwa mlangoni. Kifusi chote cha orofa za juu kilikuwa kimelundikana kwenye sakafu iliyofunika maduka ya chini. Sheria aliyowawekea watu wake ilikuwa kwamba kifusi hakilali juu. Kila jioni kilishushwa kwa karai hadi kokoto ya mwisho. Jana alilitazama jua, akalitazama lundo, akasema, "Tutakishusha Jumapili. Nguzo ni nzima, zitabeba."

Zingebeba, ndiyo, kama hakuna anayezikata.

Mzee wa kanisa, Obadiah, alikuwa ameanza kuhubiri. Manasseh akasimama.

"Ombui," aliita, kwa sauti ya kawaida ya asubuhi kazini. "Nyasani. Wote wa jengo la Machogu. Twendeni."

"Ndugu Manasseh," Obadiah alisema kutoka mimbarini, "mnakwenda wapi?"

"Kazini, mzee."

Upande wa wanawake, mkewe Esnah alijifunika mdomo kwa kitambaa. Machogu hakugeuza kichwa.

Walishuka mlima mbio. Barabara ya sokoni ilikuwa imefurika: mikungu ya ndizi imepangwa chini hadi ukutani mwa jengo, watu wanapitana kwa mabega. Ndani ya duka la kwanza vibarua wawili kutoka Keumbu walikuwa wamevua mashati. Nguzo moja ya mbele ilikuwa imekwisha, vyuma vyake vimepinda nje kama mbavu. Ya pili ilikuwa imeliwa nusu. Juu yao, ufa mpya ulikuwa umetambaa kwenye zege kutoka pembe hadi pembe.

"Weka nyundo chini," Manasseh alimwambia aliye karibu. "Usiitupe. Ilaze."

"Mwenye jengo ametwambia..."

"Mwenye jengo yuko kanisani. Wewe uko chini ya tani ishirini. Angalia juu, halafu uniambie amewaambia nini."

Kibarua akaangalia juu. Akailaza nyundo polepole kama yai, akatoka akitembea kwa ncha za vidole.

Kwenye baraza ya duka la jirani, Bitutu, fundi wa cherehani, mama Mkatoliki mwenye ulimi mkali, alikuwa anashona bila kuinua macho.

"Wasabato leo mmepotea njia?" alisema. "Au mmehama dini?"

"Mama Bitutu, chukua cherehani yako uende ng'ambo ya barabara."

"Na nguo za watu?"

"Na nguo za watu. Na hao wenye ndizi, waambie wewe. Mimi hawatanisikia."

Bitutu aliutazama uso wake mara moja tu, akaacha utani. Sauti yake ilifagia barabara ile kuliko polisi kumi. Waliotaka kubishana juu ya ndizi zao aliwatajia majina ya mama zao.

Manasseh aliwatuma watu wake kuleta miti ya mkaratusi iliyokuwa nyuma ya jengo. Kila mti ulisimamishwa juu ya ubao mpana, ukabanwa juu kwa kabari, pande zote za nguzo iliyokatwa. Kabari ya mwisho ilimponyoka Ombui ikamsaga kidole cha shahada. Alikifunga kwa tai yake ya kanisani, akaendelea kwa mkono mmoja.

"Sasa inatosha?" Nyasani aliuliza. "Turudi, nyapara? Jua likitua tutakuja."

Manasseh aliangalia upande wa Nyamache. Mawingu yalikuwa yanapanda, kama kila siku msimu ule. Saa tisa mvua ingefika. Sakafu za maduka walikuwa wameshazing'oa, kwa hiyo miti ilisimama juu ya udongo mtupu. Udongo ukinywa maji, ubao utazama. Ubao ukizama hata kwa upana wa kidole, kabari zitalegea, na lundo lile la juu halitauliza ni siku gani.

"Tunashusha kifusi," alisema. "Upande wa nguzo mbovu kwanza. Juu tunapanda wawili tu, mimi na wewe. Hakuna kurusha. Ni karai na kamba."

Walishusha hadi mvua ikawakuta, wakashusha ndani ya mvua. Kifusi kilipokwisha walikata kipande cha mbele cha sakafu, kidogo kidogo, kuanzia ukingoni kurudi ndani, hadi hapakubaki kitu kinachoning'inia juu ya barabara. Walipoweka nyundo chini jua lilikuwa limeshatua. Sabato ilikuwa imekwisha bila wao.

Jumatano baraza la kanisa lilimwita. Kabla hajaondoka nyumbani, Esnah alimfunga kifungo cha koti.

"Ni maneno mawili tu ya kuomba msamaha, baba Nyamoita," alimwambia. "Useme, urudi. Ukifutwa ushirika, mimi nitaketi na nani?"

Manasseh alichukua kofia yake, akatoka. Tangu ubatizo wake mtoni, akiwa na miaka kumi na minne, hakuwa na watu wengine ila wa kanisa hilo.

Obadiah alimpokea kwa upole, hata kiti alimvutia. Machogu aliketi dirishani, kwa kuwa naye alikuwa mjumbe wa baraza.

"Hatutaki kukupoteza," Obadiah alisema. "Uliwatoa watu wanane ibadani ukawafanyisha kazi hadi jua kutua. Ombui amekatwa kidole hospitalini. Pengine Mungu alikuwa anasema nawe."

"Kidole cha Ombui ni changu," Manasseh alisema. "Hata kifusi ni changu. Ijumaa nilikiacha juu kwa sababu niliogopa jua. Hilo nimelitubu, na mbele yenu nalitubu."

"Ijumaa uliishika Sabato. Hilo si dhambi."

"Kwangu ni dhambi."

Wazee wakatazamana.

"Tuseme wazi," Machogu alisema. "Jengo lilianguka?"

"Halikuanguka."

"Lilikuwa na ufa. Nyumba gani Kisii haina ufa?" Mmoja wa wazee alicheka kidogo. "Mliweka miti. Miti ilishika. Mngeweza kurudi mkaabudu."

"Na vibarua wa Keumbu, mzee, nani aliwaita siku ya Sabato?"

"Mimi nilikuwa kanisani," Machogu alisema. "Kila mtu aliniona."

Manasseh alitafuta kitu cha kuwaonyesha, akaona hana. Kama sakafu ingeanguka, angekuwa na maiti za kuhesabu, na leo wangekuwa wanamwombea. Haikuanguka, na kwa hiyo alichokuwa nacho ni suti iliyoharibika na mtu aliyekatwa kidole. Mama Bitutu alikuwa amesharudi barazani anashona, na hata yeye jana alimuuliza kama kweli ilikuwa lazima.

Obadiah aliinama mbele. "Ndugu, sema tu kwamba ulikosea kufanya kazi siku ya Bwana. Tutasali, tuende nyumbani. Usiposema, Sabato hii jina lako litasomwa kanisani, ufutwe ushirika."

Manasseh alisimama, akairudisha kofia kichwani.

"Lisomeni," alisema. "Kwa kazi ya Sabato siombi msamaha, mzee. Leo siombi, na hata mkilisoma sitaomba."