Maji Yaliyopita Kwenye Kutu

Chujio lilikuwa kavu tena. Prudence aliingiza kidole kwenye bomba lake, akakitoa na vumbi, akashusha pumzi. Lo! Alikuwa amechoka, amechoka hata kukasirika kulimwia kazi.

Chujio hilo, pipa lenye bomba, alilileta yeye mwenyewe mtaani Kamenge, mwaka ule watu walipoanza kurudi kwenye nyumba zilizobaki kuta tupu. Vita vilikuwa vimekata maji ya mji, na majirani wote walinywa maji ya kisima cha uani kwa Bibi Dévote. Prudence, mwalimu wa kemia chuo kikuu, aliyapima maji yake akakuta arseniki, sumu isiyo na rangi, wala harufu, wala haraka. Mipaka ilikuwa imefungwa, dawa za kusafishia haziingii. Basi akaokoteza takataka: pumba za mpunga, akazichoma zikawa makaa, kutu ya vyuma chakavu kutoka gereji za Buyenzi, akaipaka kwenye makaa yale. Sumu ilinasa kwenye kutu, maji yakatoka salama. Alipima, akapima tena. Ila hakuna aliyeyanywa.

Ukumbini, Pontien, mume wa Bibi Dévote, alilala mkekani ameupa mlango mgongo, mkewe ameketi kizingitini karibu na chujio. Kisima alikichimba yeye, na maji yake alikuwa ameyanywa kuliko wote. Viganja vyake vilikuwa vimeota sugu, kifua kimejaa madoa, na siku hizi hata miguu haikumtii.

"Bibi, mbona hamlitumii?"

"Maji yako yanapita kwenye uchafu, Madamu."

"Uchafu huo ndio unaoshika sumu. Mzee anaumwa kwa maji ya kisima. Tukiendelea hivi, utamzika."

Bibi Dévote alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Sumu! Mi naona wewe ndiye unayeogopa maji yetu. Unakuja hapa jua kali, unatoa chupa yako kwenye mkoba. Ya kwetu hunywi. Na haya unayotuletea, hujayaonja mbele yetu hata siku moja. Nani anampa mutu kinywaji bila kukionja kwanza?"

Uso ulimwaka Prudence. Desturi hiyo aliijua tangu utotoni: mwenye kukaribisha ndiye anayetangulia kuvuta mrija wa pombe, mgeni aone kwamba hakuna ubaya. Akili yake yote ilikuwa kwenye vipimo, jambo dogo kama hilo likampita. Na si wakati mwingine, ila wakati huu wa vita, jirani hamwamini jirani! Alikuwa amewaletea kinywaji asichokigusa mwenyewe, kisha akawalaumu kwa kukikataa.

Alichota maji kisimani, akayamimina ndani ya pipa, akakaa kusubiri. Yalipoanza kutiririka alikinga kikombe, akanywa chote, wote wawili wakimtazama, maana Pontien naye alikuwa amegeuka.

"Nimeonja, Bibi."

Bibi Dévote aliinuka polepole. Akachota ya kisimani, akapiga funda moja, akamwinulia kikombe kwa mikono miwili. "Na mi nimeonja. Karibu."

Prudence alikitazama kikombe. Kiasi cha sumu iliyokuwemo alikijua. Kikombe kimoja hakiui, hilo pia alilijua, akakipokea. Aliogopa. Akanywa hadi tone la mwisho. Maji yalikuwa baridi, matamu kabisa, na hilo lilimtia uchungu kuliko yote.

Bibi Dévote alikinga kikombe chini ya chujio, akaonja, akachuchumaa mkekani na kumwinua mumewe kichwa.

"Kunywa, Pontien. Nimeonja."

Mzee alimwangalia mgeni. "Na yeye?"

"Yeye amekunywa ya kwetu."

Pontien akafumbua mdomo, akanywa.