Malengelenge ya Kristofa

Kristian alikuwa akipalilia kabichi shambani kwake, juu ya Gare kwenye milima ya Lushoto, malengelenge ya kwanza yalipomtoka viganjani. Jembe halikuwa na kosa, mpini wake ulikuwa umeshalainika kwa miaka. Akajua kwamba pacha wake Kristofa ameondoka Dar es Salaam.

Mchana redio ikathibitisha. Kristofa, ambaye polio ilimpoozesha miguu akiwa mchanga, anakuja mpaka Lushoto kwa baiskeli ya kuzungusha kwa mikono, akihimiza wazazi wapeleke watoto kupata matone ya chanjo. Kristofa alizungusha, Kristian akachoka. Mwenye baiskeli aliingia kila mji shati kavu, anatabasamu. Mwenye jembe alilala hoi, mabega yakimwaka.

Majirani hawakuona ajabu. Mapacha ni mapacha. Kila asubuhi Rukia, jirani wa bondeni, alisimama kwenye matuta kuulizia safari.

"Onga makeo, Kristian," alimwamkia kwa Kisambaa. "Hebu nione mkono." Alikigeuza kiganja kama anayechagua viazi sokoni. "Huyu bado hajavuka Chalinze. Maskini, pole yake."

"Pole yake?"

"Si ndiye aliye safarini? Chanda chema huvikwa pete," alisema Rukia, akakirudisha kiganja kwa mwenyewe.

Wivu wa Kristian haukuwa wa jana. Kristofa alibebwa na mama yao kwa mbeleko mpaka darasa la nne, Kristian akifuata nyuma na madaftari ya wote wawili. Kuku akichinjwa, paja lilikuwa la Kristofa, eti limtie nguvu miguuni. Miguu hiyo ilikandwa mafuta kila jioni. Ya Kristian ilipasuka kwa baridi na hakuna aliyeuliza. Na utamwambia nani kwamba unamwonea wivu kiwete? Alinyamaza, akazidi kuumia.

Siku Kristofa alipofika Mombo, chini ya mlima, Kristian alipanda kitandani akajifunika gubigubi. Huko chini baiskeli ikagoma. Kristofa alizungusha kwa mikono yote miwili, magurudumu hayakusogea hata shubiri. Uwanjani Lushoto mgeni rasmi alikuwa ameshakaa.

Rukia alileta simu yake mpaka kitandani.

"Kristian, inuka basi," Kristofa alisema simuni. "Watu wananisubiri."

"Zungusha mwenyewe."

Ndipo akaingia mama yao, Evelina, mzee wa magoti mabovu.

"Unataka nini, mwanangu?"

"Kubebwa."

Evelina hakucheka. Alitoa mbeleko sandukuni, akainama, na Kristian, mwanamume wa miaka arobaini mwenye masharubu, akapanda. Wakashika njia ya kuteremkia mjini. Kila Evelina alipopiga hatua, baiskeli nayo ilipanda kona za Soni. Safari hii mabega yaliyowaka yalikuwa ya Evelina.

Njiani watoto walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Hakuna aliyeuliza kuhusu mzigo.

"Mama, kwa nini hukunibeba?"

Evelina alitembea kwanza.

"Wenye matone walikuja mara moja tu, mkiwa wachanga. Gari lao liliishia barabarani, kule chini. Nikawateremsha wote wawili, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Nikakuta matone yamebaki ya mtoto mmoja. Wakaniambia nichague."

Evelina alimpandisha vizuri mgongoni.

"Nikakupa wewe. Mimi nilibaki na mgongo tu, nikampa yeye."

Waliingia uwanjani pamoja na baiskeli. Kristofa akavishwa mashada ya maua. Mgeni rasmi alisema hakuna mtoto hata mmoja atakayeachwa, watu wakapiga makofi. Watoto wa mjini walipewa matone mpaka yakaisha, visanduku vikafungwa. Kina mama wa vitongoji vya juu, ambao ndio kwanza walikuwa wanafika na watoto wao, waliambiwa warudi siku nyingine, kwa kuwa gari haliwezi kupanda kwao. Wakageuka.

"Shuka sasa, mwanangu," Evelina alisema. "Magoti yananikatika."

Kristian alimtazama ndugu yake. Kristofa, maua mpaka kidevuni, hakuwa akimtazama mgeni rasmi wala watu waliomshangilia. Alikuwa ameukazia macho mgongo wa mama, na yalikuwa macho ya wivu. Kristian hakuwahi kuonewa wivu na mtu. Akaona tamu, tamu kuliko paja lolote la kuku.

"Bado kidogo, mama," akasema, akaishika vizuri shingo yake.