Kihisi Kiunoni

...mkanda huu ukikazwa tundu moja zaidi utambana, na atakayebanwa si Naima, Naima kabanwa na mengi na bado anaruka, ni huyo mwingine, mgeni wa miezi miwili ambaye hakuna amjuaye ila yeye na mama, maana mama kule Kiranjeranje alimwambia safari hii funga mdomo, mwanangu, mimba changa haitangazwi, ile ya kwanza uliwaambia mpaka wauza samaki, ukaona mwenyewe... na kweli aliona, aliona akiwa amelala kitandani kama walivyomwagiza, uwanja kauacha, ndoo ya maji hainyanyui, na mtoto akaondoka vilevile, nesi akasema hukukosea popote, dada, yanatokea, neno la kumfariji hilo, lakini lilimkata kuliko kisu, afadhali angekuwa kakosea... vuta pumzi, Naima, anasema dada Flora, mtaalamu kutoka chuo kikuu, kapiga magoti kwenye mchanga wa uwanja wa Mitwero bila kuionea huruma suruali yake, anautafutia mkanda tundu, na kihisi chenyewe kimekaa kiunoni, kidogo kama kiberiti, vingine viwili viko vifundoni, vinapima mbio, kishindo, mguu gani umesukuma na mguu gani umetega, jana vilimuumbua, mstari wa mbio zake kwenye simu ya dada Flora ulipanda, ukapanda, halafu mbele ya ubao wa kurukia ukainama, na mwalimu Likwata, aliyemfundisha tangu shule ya msingi, akapaza sauti uwanja mzima ukasikia, woga huo, Naima, mrukaji gani anafunga breki mbele ya ubao, na kule pembeni Witness, binti mwenye miguu isiyojua kuchoka, akajifanya anafunga kamba za viatu, mnafiki mkubwa, anangoja kurithi... ah, astaghafirullah, mtoto wa watu hana kosa, nafasi ya kambi ya taifa ni moja na Naima mwenyewe angengoja vivyo hivyo, ana miaka ishirini na tisa, mwakani nani atamtazama...

dada Flora hakupaza sauti, alimwonyesha video, warukaji wa nchi za baridi, nao hufungwa vihisi, mtu kavaa mbao ndefu miguuni anateleza kwenye theluji, mlima unakwisha yeye hakwishi, kajilaza hewani, Naima akashika mdomo, jamani huyu mama yake yuko wapi, na dada Flora akacheka, akasema hata huyu kipimo kinamjua, kinaonyesha kama ameachia mwili wote au kuna aliobakiza, na wewe umebakiza, mdogo wangu, unambakizia nani?... alitania tu, lakini neno limemganda, maana yeye hakukusudia kubakiza, wallahi, alikimbia akiwa ameshasema liwalo na liwe, kulala hakukumsaidia yule wa kwanza, basi huyu akitaka kukaa akae, akitaka kwenda aende, sitamchagulia jina, hata Abdulrazak sitamwambia, mume wangu alilia vya kutosha mara ile... sasa nani alifunga breki? si woga, woga anaujua, huja na jasho mikononi, na jana mikono ilikuwa mikavu, miguu tu ilipunguza yenyewe, taratibu, kama mtu anayepita chumba alimolala mtoto... Mungu wangu, alimolala mtoto, na machozi haya nani kayaita, kumbe alipokuwa anajikaza asimpende, mwili ulishampenda bila kumwomba ruhusa, ukampenda mbele ya mashine, watu wakautazama mstari wakasema woga, na yeye, mama mtu, akakubali akainamisha kichwa... Naima, twende, jua linapanda! anaita mwalimu Likwata, na dada Flora bado kashika ncha ya mkanda, vuta pumzi basi, kidogo tu, na Naima anaitazama njia ya kukimbilia, imefagiwa vizuri, anaipenda, Mungu anajua anavyoipenda, na kambi inamponyoka hivi hivi akiiona, inauma, asiseme mtu haiumi, lakini haruki, leo haruki, atamwambia dada Flora kwanza, halafu mwalimu, halafu Abdulrazak, mama atanisamehe, na huyu anaweza kuondoka hata nisiporuka, najua, nani ajuaye kuliko mimi, lakini hata akienda, aende akijua alikuwa na mama.