Chumba cha Msasa

Mwangangi aliuonea mpingo huruma kuliko mkewe. Syokau alilijua hilo tangu zamani, ila siku hiyo ndipo aliposhindwa kulivumilia.

Wanaume wa kijiji cha Wamunyu huchonga vinyago nje kivulini, vibanzi vikiruka huku wakipiga soga. Vinyago vikishapata umbo huingizwa ndani kwa wanawake vipigwe msasa. Huko mlango hufungwa na dirisha huzibwa kwa gunia, maana mpingo ukipigwa na upepo kabla haujakauka hupasuka, na twiga aliyepasuka hanunuliwi na mzungu yeyote. Basi Syokau alijifungia humo zaidi ya miaka ishirini, akisugua twiga na swara, akivuta vumbi lao. Twiga walitoka wazima. Nani alimuuliza yeye anaendeleaje?

Pua ilipoziba aliambiwa ni mafua. Ilipoanza kutoka damu aliambiwa ni jua kali. Ni daktari wa Machakos aliyemwambia bila kuzunguka kwamba ana saratani ya pua, na kwamba vumbi la mbao huweza kuileta kwa watu wanaolivuta miaka mingi.

Alirudi alasiri, pamba ingali puani. Akamkuta binti yake Nthambi, aliyemaliza darasa la nane juzijuzi, ameketishwa na baba yake ndani ya chumba kile, mlango umefungwa, kope zimejaa vumbi. Oda ilikuwa inangojewa, na kwa Mwangangi kiti hakikai kitupu.

Syokau aliusukuma mlango mpaka ukagonga ukuta, akamwamuru Nthambi atoke. Mwangangi akaja mbio, tezo mkononi. Alilalamika kwamba kazi yote itaharibika, na kwamba daktari ni kijana wa juzi asiyejua mbao.

"Mama Nthambi, babu yangu alifanya hii kazi mpaka akazeeka," alisema. "Pua yake ilikuwa na shida gani?"

Syokau alinyoosha kidole kivulini.

"Babu yako alikuwa anachonga hapo nje. Mwenye alikuwa anapiga msasa ni mama yako. Na wewe unajua vile alikufa."

Mwangangi alijua. Mama yake alikufa uso umevimba upande mmoja, damu ikimtoka puani, na ukoo mzima ukaapa kwamba amerogwa na Peris, mjane wa jirani. Mwangangi mwenyewe ndiye aliyeichoma nyumba ya Peris. Mjane wa watu aliondoka na sufuria moja kichwani, na hakuna aliyejua alikoishia.

Hapo upepo ukavuma kutoka shambani, na mkono wa Mwangangi, hata baada ya hayo yote, ukanyooka kuuvuta mlango.

Syokau aliupiga mkono ule kwa nguvu zote alizobakiza.

"Wacha hizo twiga zipasuke," alisema. "Zote."

Akamshika Nthambi, akampeleka kwenye mtungi akanawe uso.