Steringi Hasalimiwi

...na hapo ndipo picha hii inapomshinda Kamanthe, maana jasusi kavaa sura ya mtu mwingine, kamfuata adui sokoni mwanzo mpaka mwisho, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza habari ya nyumbani, mji gani huo, si Machakos, yeye leo mchana kajitanda buibui la jirani yake Rehana, kaacha macho tu, amnyemelee Kilonzo mumewe, na hajavuka hata barabara muuza nyanya akapaza sauti, “Kamanthe, umesilimu lini?”, mwendo ulimsaliti, akajifanya kiziwi akaongeza hatua... “Ongeza sauti kidogo,” anasema Kilonzo kwenye kochi, mkono mdomoni, mkono huo huo, mwaka mzima hacheki nyumbani humu, akiulizwa anajibu kwa kichwa, na kila Jumamosi anatoka bila kuaga... lakini pale jasusi anapotega sikio mlangoni na muziki unakatika, hapo wamepatia, haki yao wapewe, hata yeye alitega sikio hivyo hivyo pale nyuma ya duka la mbolea, akachungulia dirishani akamwona mwanamke wa blauzi ya waridi kamwinamia mume wa watu, kamshika mashavu kwa mikono miwili, anamwambia, “Utazoea tu, mzee,” utazoea nini, akakimbia, hakungoja, afadhali huyu wa kwenye kaseti anayengoja aone mwisho, ingawa naye adui yake ni bure kabisa, kamnyooshea bastola na badala ya kufyatua anaeleza mpango wake wote kama mgombea jukwaani, laiti wenye siri wote wangekuwa hivyo, angemwuliza Kilonzo sasa hivi, amwulize, asimwulize, akijibu ndiyo je, ataenda wapi na umri huu... jasusi karuka juu ya treni, upepo unang'oa miti na nywele zake zimelala vile vile, na Kilonzo anapasuka kicheko, kicheko chenyewe kile cha zamani, mkono umeanguka, na meno, Mungu wangu, meno ya mbele, yote, meupe kuliko yale aliyong'olewa mwaka jana akaanza kula akigeukia ukuta, kumbe ni aibu, kumbe mwanamke wa waridi ni fundi wa meno tu, na yeye alidhani mtu amemchoka... “Nilikuwa nangoja yazoee kwanza ndio nikuonyeshe,” anasema Kilonzo, ulimi bado mzito, “lakini hii picha ni uongo, Mama Mutindi, mtu anafuata mtu mji mzima na hakuna mtu anamsalimia? Na hiyo buibui ya Rehana urudishe kesho, ilikuwa inakufika kwa magoti,” alimwona, alimwona akanyamaza, ee Mungu, aibu na raha vimemjaa pamoja, angelia lakini anacheka, moyo mwepesi kama kichwa kilichotuliwa debe, “Nyamaza tuone,” anamwambia, akimsogelea, na jasusi bado ananing'inia kwenye treni, steringi hafi, hata nywele hazijamtimka...