Betri za Rimoti

Kama kuna kitu Laurean alikipenda kuliko mke wake, basi ni kile kijidude chake cha GPS. Efrazia mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema hivyo, utani nusu, kweli nusu. Jamani, mwanamume mzima, ofisa wa serikali, kila Jumamosi anavaa buti anatoka nyumbani Pangani, Kibaha, kwenda kutembea porini Kisarawe, halimi wala hawindi! Akirudi anamkalisha mkewe kwenye kochi, anamwonyesha kwenye kioo mstari wa njia aliyopita.

"Simu inategemea mnara," alikuwa akisema. "Hii inaongea na setilaiti. Haidanganyi."

Na kweli haikudanganya hata siku moja.

Ijumaa jioni rimoti ya televisheni iligoma. Efrazia aliipiga makofi, akazigeuza betri, akazisugua kwenye khanga. Wapi! Tamthilia imeshaanza, na duka la jirani limefungwa. Macho yakatua kwenye begi la mumewe. Laurean alikuwa ametoka kuweka betri mpya kwenye GPS, yuko bafuni anaoga. Efrazia akazichomoa, akazitia kwenye rimoti. Zile zilizochoka akazipachika kwenye GPS, isije ikaonekana tupu. Kesho mapema namnunulia nyingine, alijiambia, na akaangalia tamthilia yake kwa raha zote.

Kesho yake usingizi ukampitia. Laurean aliondoka alfajiri, peke yake, kwenda kukagua njia ambayo wiki inayofuata angewapitisha wenzake wa kikundi cha matembezi. Angeingia msituni upande wa mji wa Kisarawe na kutokea kijiji cha Kibuta, upande wa pili. Betri za akiba hakubeba. Za nini, wakati ametia mpya?

Hakutokea Kibuta. Jua lilizama, simu yake haipatikani.

Jumapili kulipokucha Efrazia alikuwa Kibuta pamoja na Tito, mdogo wake Laurean, na wanakijiji waliojitolea kutafuta. Aliyewaongoza ni mwenyekiti wa kitongoji, mzee Shomari.

"Huyo bwana alikuwa na kitu cha kumwonyesha njia?" Shomari aliuliza.

"Ana GPS," Tito akadakia. "Na kaka si mtu wa kubahatisha. Juzi kanipigia, kaniambia ametia betri mpya. Zinakaa siku nzima na zaidi."

"Basi hawezi kupotea mwanzoni. Ameumia huku mwishoni, huku kwetu kwenye makorongo. Tuanzie hapa."

Efrazia akafungua mdomo. Aseme nini sasa? Mbele ya wanaume wote wale, mbele ya shemeji yake, aseme kwamba alichomoa betri kwa ajili ya tamthilia? Akaufunga. Labda zile betri zilikuwa na nguvu bado. Labda Laurean aligundua, akanunua nyingine njiani. Alijua anajidanganya. Aliona aibu, na aliona pia kwamba aibu yenyewe ni ndogo, ya kijinga, na bado ikamshinda.

Wakaingia msituni. Waliita mpaka sauti zikakauka, miiba ikawachana mikono, wakachungulia kila korongo. Efrazia peke yake alijua wanaita mahali ambapo mtu hayupo.

Jua lilipofika utosini wakakaa kunywa maji. Tito hakunywa. Alijifunika uso kwa kofia akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, na hapo Efrazia akashindwa.

"Shemeji, betri hazikuwa mpya."

"Unasemaje?"

"Nilizitoa mimi. Nikaweka mbovu za rimoti. Hiyo GPS imezima mapema, Tito. Yuko kule kule alikoingilia."

Tito alimkodolea macho. "Tangu asubuhi tupo hapa, shemeji," alisema. "Tangu asubuhi!"

Wakapanda gari, wakazunguka hadi upande wa mji. Hawakutafuta sana. Laurean alikuwa ndani ya shimo la zamani la kuchimbia udongo mweupe, lililozibwa na nyasi, si mbali na ukingo wa msitu. Mguu umevunjika, jeraha kalifunga kwa shati lake. GPS ilikuwa mkononi. Alikuwa amekwisha kukata roho, lakini mwili haujakakamaa.

Mama mmoja wa pale, Mwanne, akatua mzigo wake wa kuni.

"Shikamoo, mama," Tito akasema.

"Marahaba, wanangu. Poleni sana. Ndiye huyu aliyekuwa akiita asubuhi?"

"Ulimsikia?"

"Nimemsikia, mwanangu. Kaita mpaka jua likapanda. Mie nikadhani ni wale wa mkaa wanakimbizana na askari wa misitu, nikageuza njia. Lo, laiti ningejua!"

Efrazia alikaa chini pale pale, kwenye majani. Yeye alikuwa anajua.

Msibani Pangani, Tito hakumwambia mtu habari ya betri. Efrazia alisubiri atukanwe, angeshukuru. Badala yake shemeji alimpita akiwa ameinamisha uso, akapanga viti, akapokea wageni. Alikuwa ametia betri mpya kwenye ile GPS na kuuona mstari wa kaka yake: umeenda sawasawa, halafu umekatika, hata msituni haujafika mbali.

"Madude haya si ya kuamini," wageni walisemezana. "Tazama lilivyomponza mtu wa watu."

Efrazia alitaka kupiga kelele kwamba dude halina kosa. Akapokea pole zao.

Jirani yake Recho akaingia kumwangalia, akakuta watoto wa wageni wamejiwashia katuni sebuleni. "Nyie! Nyumba ina msiba hii, hamna adabu?" Akapapasa kwenye kochi, akaipata rimoti, akabonyeza mara moja tu. Televisheni ikazima.